Wafadhili Wamefika na Mama Mkwe Hajapanda

Jamani, leo nimeaibika mpaka ulimi umebadilika rangi.

Sitanii. Ulimi wangu ni wa pinki. Meno pia. Nimekaa kitandani na kikombe cha maziwa, simu mkononi, na nimeamua niwaambie mwenyewe kabla hamjaiona video. (Mkishaiona, tafadhali msiitume kwa watu wa kwetu Migori. Baba yangu ana presha.)

Wacha nianze mwanzo.

Mimi nimezaliwa Migori, upande wa Suna, nikaolewa huku Ndhiwa. Ndiyo maana huku hakuna anayejua jina langu la ubatizo. Naitwa Nyar Suna, binti wa Suna, basi. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akina mama wakulima. Mwaka jana tulijiwa na mradi wenye mbegu, mbolea, tisheti za manjano na semina nyingi sana. Wafadhili wako ng'ambo. Katikati yetu na wao yuko Bwana Otieno, afisa wa mradi, mtu mpole anayevaa buti za mpira hata siku ya jua kali.

Leo mfadhili mwenyewe alikuwa anakuja. Anakuja kutuona tukipanda shamba la mfano, halafu aamue kama tutapewa pampu ya sola au tuachwe hivyo hivyo. Na hiyo pampu, ndugu zangu, si mchezo. Mto uko chini, mboga ziko juu ya kilima. Kiangazi kilichopita nilibeba maji kwa kichwa mpaka shingo ikakataa kugeuka upande wa kushoto, na sukuma wiki zikakauka vilevile. Nilikuwa naitaka hiyo pampu kuliko nilivyowahi kumtaka bwana yangu. (Ouma, kama unasoma hii, nakupenda pia.)

Shida ilikuwa moja. Shamba la mfano liko ndani ya boma letu, na mama mkwe wangu alikuwa hajapanda.

Kwa wasiojua: huku kwa Wajaluo, mvua ikianza, mama wa boma ndiye anayetoa mbegu kwanza. Yeye akishapanda, hata mashimo machache tu, ndipo wake za wanawe wanafuata. Ukimruka ukapanda mbele yake, umevunja mwiko, na chira inakuja. Chira haina dawa ya duka. Mtu anakonda tu bila ugonjwa kuonekana, na isipokupata wewe inaweza kumpata mtoto wako. Mimi nina mtoto mmoja, Adhiambo, ana mashavu kama maandazi. Mimi ni Msabato, nimebatizwa, na mbele za watu husema siamini mambo ya chira. Lakini chira haijawahi kuniuliza kama naiamini.

Sasa, mvua ilipoanza mama mkwe alikuwa Magunga kwenye matanga ya kaka yake. Amerudi jana jioni amechoka, akalala bila kusema mengi. Nayo tarehe ya kupanda ilipangwa ofisini, kwa kuangalia ndege ya mgeni. Otieno alipotuuliza kwenye mkutano, "Akina mama, hiyo tarehe iko sawa?" sote tulijibu "Ndiyo!" tukapiga makofi. Huku mgeni akikuuliza kitu unajibu ndiyo. Mengine mtamalizana nayo nyumbani.

Najua mtasema: si ungemwuliza tu mama mkwe?

Hamumjui. Mama mkwe wangu hapigi kelele. Angepiga kelele ningezoea. Yeye anakuangalia, anavuta pumzi, anasema "Kare," yaani sawa, na hiyo sawa inakukaa moyoni wiki nzima. Tangu niolewe namwogopa kwa heshima zote. Nikisikia ndala zake uani, naanza kufagia hata pale palipokwisha fagiwa.

Asubuhi nikiwa jikoni nikasikia sauti yake.

"Nyar Suna! Kuja hapa nikuambie kitu."

Nilijua ni kitu gani. Ataniambia nisiguse mbegu. Na akishaniambia kwa mdomo wake, basi imekwisha, pampu imeenda. Lakini nisipoambiwa, bado kuna njia. (Hivi ndivyo akili yangu inavyofanya kazi. Na mimi ndiye katibu.)

"Nakuja, mama!" nikajibu. Nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka zizi, nikashuka mtoni kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Niliporudi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, ananingoja.

"Nyar Suna, si nimekuita?"

"Ndiyo, mama, wacha nioshe mtoto kwanza, wageni wako njiani!"

Nikamkamata Adhiambo, ambaye alikuwa amekwisha oga na kupakwa mafuta, nikamwogesha tena. Alilia kweli. Mimi pia nilikuwa karibu kulia, kwa sababu maji yalikuwa yanaisha na sikuwa na kazi nyingine ya kujifichia.

Nikampigia bwana yangu. Ouma anafanya biashara ya samaki Mbita, anarudi wikendi.

"Ouma, mama hajapanda, na wafadhili wanakuja leo."

Nikamsikia anamhesabia mtu samaki.

"Ouma?"

"Wewe usiguse hiyo mbegu kabisa," akasema. "Umesikia? Tuko na mtoto."

"Na pampu?"

"Hata pampu ni muhimu."

"Sasa nifanye nini?"

"Si wewe ni katibu? Tafuta njia."

Akakata simu. (Nakupenda, lakini leo ni kidogo.)

Gari lao likafika, kubwa, jeupe, limejaa matope mpaka madirishani. Akashuka mama mmoja mrefu mwenye mvi, anaitwa Birgit. Anacheka na kila mtu, na akikusalimia anakushika mikono yote miwili. Akina mama wakaimba na kucheza. Mimi niliimba nikiwa nyuma kabisa, nyuma ya mwenyekiti wetu Min Atieno, ambaye ni mpana, Mungu ambariki. Mpango wangu ulikuwa rahisi: Min Atieno ndiye apande shimo la kwanza. Yeye ni wa boma lingine, chira ya kwetu haijui njia ya kwake.

Otieno akamnong'oneza Birgit. Birgit akamnong'oneza Otieno. Otieno akageuka.

"Mgeni wetu anasema shimo la kwanza lipandwe na mama kijana wa hii boma. Katibu wetu, Nyar Suna, karibu mbele!"

Makofi! Vigelegele! Nilisukumwa mbele na mikono ambayo mpaka sasa sijajua ni ya nani. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni ya shamba, mikono mgongoni, ananitazama mimi tu.

Otieno akachimba shimo, akanitilia mbegu mbili za mahindi kiganjani. Mbegu za mradi zimepakwa dawa ya kuzuia wadudu, dawa ya pinki kali inayoshika mkono. Dereva wao akanielekezea kamera usoni. Nikainama. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nikamfikiria Adhiambo na mashavu yake, yakiisha kidogo kidogo. Nikaufikiria mtungi wa maji kichwani, kiangazi baada ya kiangazi. Halafu, marafiki zangu, nikafanya kitu nilichoona kina akili nyingi sana.

Nilipeleka mkono shimoni, nikafumba kiganja, nikafukia shimo. Mbegu zikabaki mkononi.

Makofi tena! Hakuna aliyejua. Pampu imepona, mwiko umepona, mtoto amepona. Wakishaondoka wageni, mama mkwe atapanda kwa wakati wake na maisha yataendelea. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilipumua. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa kaunti ya Homa Bay.

Ndipo nikamwona Birgit anakuja, mikono yote miwili imenyooka.

Anataka kunisalimia! Mbegu ziko mkono wa kulia! Tisheti haina mfuko. Sketi haina mfuko. (Mafundi wa sketi za wanawake, Mungu anawaona.) Nikizitupa chini wataziona, na rangi yenyewe inapiga kelele. Anakuja. Amefika. Nikainua mkono kama mtu anayejifuta jasho juu ya mdomo, na mbegu zikaingia.

Ndiyo. Mdomoni.

Birgit akanishika mikono, akaitikisa, akaniambia maneno marefu mazuri. Mimi nikatabasamu midomo ikiwa imefungwa, nikaitikia kwa pua. "Mmm. Mmm."

Hapo ndipo nilipoanza kusikia uchungu ulimini. Uchungu mkali, wa dawa. Na nikaikumbuka semina. Ni nani aliyesimama mbele ya kikundi akasoma maandishi ya pakiti kwa sauti? Ni katibu. Nilisoma mimi mwenyewe: mbegu hii ina sumu, usile, usimpe kuku, osha mikono. Tena nikaongeza na langu: "Akina mama, hii kitu inaua!"

Inaua! Na iko chini ya ulimi wangu!

Masikio yakaanza kuvuma. Sijui ilikuwa sumu au ilikuwa woga, mimi niliona kifo tu. Mate yakajaa mdomoni na sikuthubutu kuyameza. Nikimeza nakufa. Nikitema pampu inaenda. Nilisimama pale mashavu yamefura, natubu dhambi moja moja, nikaanza na za shule ya msingi.

Na Otieno, Mungu amsamehe, akaona huo ndio wakati mzuri wa kufundisha.

"Akina mama, mbegu ikikaa juu sana ndege anatoa," akasema. "Hebu tufunue tuone vile katibu amepanda."

Akachuchumaa, akaanza kufukua kwa vidole, taratibu. Kamera ikashuka naye. Akafukua. Akafukua tena. Akaenda chini mpaka nikadhani anatafuta maji.

"Mbegu iko wapi?"

Akainua macho kwangu.

"Nyar Suna, mbegu iko wapi?"

"Mmm," nikasema.

"Unasema?"

"Mm-mm."

Min Atieno akasogea akanichungulia uso. Huyu mama hajawahi kuficha kitu maishani mwake. "Yawa!" akapiga kelele. "Mbona mate ya huyu ni ya pinki?"

Nikajigusa kidevu. Kweli kabisa. Yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye tisheti ya manjano. Birgit akajishika kifua. Watu wote wakarudi nyuma, isipokuwa kamera, ambayo ilisogea mbele.

Sikuweza tena. Niliinama nikatema kwa nguvu zangu zote, puuu! Mbegu zikatoka pamoja, zikaruka, na mnajua zilitua wapi?

Ndani ya shimo.

Zote mbili. Ningelenga nisingepata. Mimi, mke wa mwana, nimepanda shimo la kwanza la boma mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya wafadhili, mbele ya kamera. Kwa mdomo!

"Wuololo!" Yowe hilo lilisikika sokoni, nimeambiwa. Nikaanguka kwa magoti, nikaanza kuparura udongo kama kuku, nazitafuta mbegu huku nalia. "Sikupanda! Nimetema tu! Mungu wangu, sikupanda! Adhiambo wangu!" Otieno ananivuta huku, anasema nisiguse sumu tena. Min Atieno ananivuta kule. Birgit anauliza kwa Kiingereza kama nina kifafa.

"Kwa nini ulikula mbegu?" Otieno akaniuliza. "Nyar Suna, kwa nini?"

Na mimi, mbele ya kikundi kizima, nikasema jambo ambalo sijawahi kulisema hata kwa maombi.

"Naogopa mama mkwe! Hajapanda! Nikipanda mbele yake mtoto wangu atakufa!"

Otieno akamtafsiria Birgit, neno kwa neno. (Bwana Otieno, mengine ungeyaruka tu.)

Mama mkwe akaja. Watu wakampisha. Akasimama mbele yangu, nami nimepiga magoti, uso mzima udongo na pinki. Nikafumba macho, nikangoja.

"Nyar Suna," akasema. "Mimi nilipanda asubuhi mapema, huko nyuma ya nyumba. Nilitoa mbegu ndio nyinyi mpande na wageni. Nilikuwa nakuita nikuambie hiyo tu. Nakuita, unaenda mtoni. Nakuita, unaosha mtoto mwenye ameoga. Kwani mimi ni chui?"

Nikafungua jicho moja.

"Ulipanda?"

"Nilipanda."

Akina mama walicheka mpaka wengine wakalala kwenye matuta. Min Atieno alikaa chini kabisa akajishika mbavu. Hata dereva alicheka (mtaona kwenye video, pale picha inapoanza kutikisika). Mtu mmoja tu hakucheka. Mama mkwe aliniinua kwa makwapa, akanikaripia nisimeze mate, akaitisha maji akanisukutua mdomo mwenyewe. Halafu akamgeukia Birgit na kumwambia kwa Kijaluo, bila kungoja mkalimani, kwamba gari lake linaenda zahanati sasa hivi. Birgit akafungua mlango.

Kwenye zahanati muuguzi alinisukutua tena, akauliza nimemeza kiasi gani. Nikasema sijameza. Akauliza mbegu ziliingiaje mdomoni. Nikamwangalia mama mkwe.

"Andika ni ajali," mama mkwe akasema.

Nikalazwa kwenye benchi wanichunge kwa muda, kichwa changu mapajani pa mama mkwe. Tangu niolewe sijawahi kumkaribia hivyo. Na hapo ndipo nilipoona mikono yake inatetemeka. Yule mama! Inatetemeka kweli, na ameikunja ndani ya leso ili nisiione.

"Ungekufa," akasema. "Juzi nimezika kaka yangu. Leo nikuzike wewe sababu ya mahindi?"

"Nisamehe, mama."

"Si ungeniuliza?"

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa mama mkwe wangu," akasema. "Alikuwa mkali kuliko mimi mara nyingi. Lakini mimi sikukula sumu."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikafanya yote mawili pamoja. Muuguzi akaja kutunyamazisha, akasema kuna wagonjwa hapa. (Mimi ni nani basi?)

Kumbe Birgit na Otieno hawakuondoka. Walikuwa mlangoni, na nyuma yao akina mama wa kikundi waliofuata kwa bodaboda, wengine kuniombea, wengine kuona kama nimekufa. Birgit alikuwa anafikiri. Akamwambia Otieno kitu polepole.

"Anauliza," Otieno akasema, "kama kuna mama mwingine mwenye hakupanda mbegu ya mradi msimu uliopita kwa sababu kama hii."

Wote wakaangalia sakafu. Nilijua hapo ndipo pampu inapozikwa. Kisha mkono mmoja ukainuka nyuma. Ukafuata mwingine. Mwisho kabisa Min Atieno, mwenyekiti mzima, akainua wake.

"Mama wa boma letu alikuwa amelazwa hospitali," akasema. "Tulingoja atoke. Mvua ikaisha. Mbegu bado iko chini ya kitanda."

"Lakini mlisema mmepanda!" Otieno akalia. "Niliwauliza!"

"Wewe uliuliza kama mambo iko sawa," akasema Min Atieno. "Tukasema ndiyo."

Nawaambia ukweli, nilimhurumia Otieno. Huyu mtu amepima udongo wetu mwaka mzima akitafuta kwa nini mahindi hayaoti. Amelaumu udongo, amelaumu mvua, amelaumu fuko. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, karibu na miguu yangu. Birgit alitushika sote mikono, mikono miwili kama kawaida yake, na wakaondoka. Hakutaja pampu. Mimi nilirudi nyumbani nikijua nimeiua kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwamba akina mama wote watakumbuka ni nani kila wakiinua mtungi.

Sasa hivi tu Otieno amenipigia.

"Meno inaendelea aje?"

"Ni pinki."

"Pole. Sikia. Pampu bado iko."

Nilisimama juu ya kitanda! Adhiambo akaamka, mashavu yote mawili mahali pake, akaanza kunipigia makofi.

"Lakini," Otieno akasema.

Mimi naogopa sana hilo neno.

"Birgit anataka kwanza kila mama wa boma aulizwe atapanda lini, na ni nini inamzuia. Boma kwa boma. Hataki mkutano ya kupiga makofi. Mtu aende akae naye jikoni, amwulize taratibu. Akina mama wamepiga kura hapo nje ya zahanati, wamechagua mtu."

"Wamechagua nani?"

Otieno akakohoa.

Ndiyo hivyo, marafiki. Mimi niliyekula sumu nisije nikamwuliza mama mkwe mmoja, sasa nitawauliza mama wakwe wa kijiji kizima. Msicheke. Niombeeni.